Dawa Hakuna: Namna ya Kujua Zimekwama Wapi na Nani Anapaswa Kujibu

Mgonjwa anapoambiwa dirishani kwamba dawa imeisha akanunue nje, kuna mtumishi wa umma mahali fulani ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha dawa hiyo ipo. Malalamiko mengi hufia njiani kwa sababu hayamfikii huyo. Humwangukia nesi wa dirishani ambaye hana uwezo wa kuagiza hata glavu, au hurushwa kwa "serikali" kwa jumla, ambayo haina meza ya kugongea wala sahihi ya kuitaka. Mwongozo huu ni wa wananchi, wajumbe wa kamati za vituo, wenyeviti wa vijiji na mitaa, na madiwani wa Tanzania Bara wanaotaka kulifuata jambo kwa karatasi mpaka lipate jibu.

Dawa inafikaje kituoni

Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya. Lishike hili mapema, maana barua ya zahanati iliyopelekwa wizarani itazungushwa kwanza kabla ya kurudi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na wagonjwa wataendelea kununua nje wakati wote huo.

Oda huanzia kwa mganga mfawidhi wa kituo. Anajaza taarifa na maombi: alikuwa na kiasi gani, alipokea kiasi gani, ametumia kiasi gani, amebakiwa na kiasi gani, na ni siku ngapi dawa haikuwepo. Fomu inapita kwa mfamasia wa wilaya, ambaye huikagua na kuiidhinisha, kisha inakwenda kanda ya Bohari ya Dawa, yaani MSD, taasisi iliyoundwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1993. MSD inafungasha na kufikisha mzigo kituoni.

Fedha zina njia zake. Kuna ruzuku ya serikali inayoingizwa kwenye akaunti ya kituo iliyoko MSD. Kuna Mfuko wa Pamoja wa Afya, ambao tangu mwaka wa fedha 2017/18 unatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo badala ya kupitia halmashauri. Kuna makusanyo ya papo kwa papo kutoka kwa wagonjwa, na malipo ya bima ya afya. Mtu anayesema "hatuna bajeti ya dawa" aulizwe: chanzo kipi kati ya hivi ndicho kimekauka, tangu mwezi gani?

MSD ikiwa haina dawa iliyoombwa, hutoa taarifa rasmi ya kukosekana. Kwa taarifa hiyo kituo kinaruhusiwa kununua kwa Mshitiri wa mkoa, msambazaji binafsi aliyeshindanishwa na kupewa mkataba. Utaratibu huu ulianza Dodoma mwaka 2014, na mwaka 2018 ukaenea nchi nzima. Kwa hiyo jibu la "MSD hawana" si mwisho wa mazungumzo hata kidogo. Swali linalofuata ni moja: taarifa ya kukosekana iko wapi, na oda ya Mshitiri ilipelekwa lini?

Kuna pia dawa za miradi misonge, yaani programu za kitaifa za ugonjwa au huduma moja moja: dawa mseto ya malaria (ALu), vipimo vya haraka vya malaria, dawa za kifua kikuu, ARV, chanjo, vidonge na sindano za uzazi wa mpango. Hizi hazikatwi kwenye akaunti ya kituo. Zikikosekana, kosa haliwezi kuwa deni la kituo. Ama oda haikutumwa, ama ilitumwa ndogo, ama mzigo haujafika kanda. Ndiyo maana orodha inayochanganya ALu na parasetamoli katika lalamiko moja humpa ofisa nafasi ya kujibu nusu na kuiacha nusu. Zitenge.

Hesabu inayozaa uhaba

Tukae kidogo kwenye jambo hili kwa sababu ndilo linalofanya kituo kimoja kiishiwe kila mzunguko, hata pale ambapo hakuna aliyeiba kitu.

Chukua amoksilini. Kituo kilianza na vidonge 2,000, kikapokea 4,000, na vyote 6,000 vikaisha ndani ya siku 40. Siku 20 zilizobaki kwenye miezi miwili, rafu ilikuwa tupu. Mwandishi wa fomu akiandika "matumizi 6,000 kwa miezi miwili", mfumo utaona kituo kinahitaji 3,000 kwa mwezi. Lakini wagonjwa walitumia 6,000 kwa siku 40, yaani 150 kwa siku. Zidisha kwa siku 30: hitaji halisi ni 4,500 kwa mwezi. Tofauti ni vidonge 1,500 kila mwezi. Mzunguko ujao dawa itaisha mapema tena, matumizi yatasomeka madogo tena, oda itapungua tena.

Tiba yake iko kwenye safu ya siku ambazo dawa haikuwepo. Ikiachwa wazi au ikiandikwa sifuri, wagonjwa waliorudishwa mikono mitupu hawamo kwenye hesabu ya taifa. Mjumbe wa kamati akijifunza kuangalia safu hiyo moja tu kila oda inapoandaliwa, amefanya kazi kubwa. Siku za ukosefu zinasomeka kwenye leja, yaani daftari la stoo la dawa zinazoingia na kutoka: ni zile kati ya tarehe salio lilipofika sifuri na tarehe mzigo uliofuata ulipoingizwa.

Kukusanya ushahidi dirishani

Chagua dawa na vifaa vinane hadi kumi, si zaidi. Kabla ya kuchagua, angalia Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, ambamo kila dawa imepewa herufi ya ngazi: A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya rufaa ya mkoa, S za kibingwa. Ukilalamikia zahanati kukosa dawa ya ngazi ya C, umewapa sababu ya kutupa faili lako lote. Kwa zahanati, mchanganyiko unaofaa ni amoksilini ya watoto, parasetamoli, ORS na zinki, dawa mseto ya malaria, kipimo cha haraka cha malaria, vidonge vya madini chuma na foliki asidi, oksitosini, magnesiamu salfeti na glavu. Oksitosini na magnesiamu zisikose kwenye orodha yoyote ya kituo kinachozalisha. Ya kwanza huzuia mama kutokwa damu baada ya kujifungua, ya pili hutibu kifafa cha mimba, na kwa mama aliyefikwa na hali hizo hakuna muda wa kwenda duka la nje.

Andika kwa wiki mbili, siku tatu kila wiki, na mojawapo iwe siku ya kliniki. Kwa kila dawa weka tarehe, saa, jina la dawa, aina yake (kidonge, shurubati, sindano), nguvu yake kwa miligramu, na jibu lililotolewa. "Dawa ya mtoto hakuna" haitoshi, maana kituo kinaweza kuwa na amoksilini ya kidonge cha kuyeyusha kikakosa shurubati, na kwa mujibu wa mwongozo mtoto akawa ametibiwa sawasawa.

Jibu la "hakuna" lina sura kadhaa, na kila moja ina mwenyewe. Dawa haijawahi kufika. Ilifika ikaisha. Ipo stoo lakini muda wake umekwisha. Ipo, lakini mtoa dawa hayupo na dirisha limefungwa. Au mwandikaji ameandika dawa isiyo ya ngazi hiyo. Mgonjwa hawezi kuzitofautisha akiwa dirishani. Kazi yako ni kuandika alichoambiwa, kisha kamati ikafungue leja.

Wenye msamaha waandikwe ukurasa wao. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawatambua wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wenye magonjwa kama kifua kikuu, ukoma na UKIMWI. Mtu aliyesamehewa malipo akatumwa kununua nje amelipishwa kwa mlango wa nyuma. Risiti ya duka la dawa, yenye tarehe, ikibanwa pamoja na cheti cha dawa kilichoandikwa kituoni, ni ushahidi mzito kuliko ushuhuda wa watu ishirini kwenye mkutano.

Usiandike majina ya wagonjwa wala ugonjwa wa mtu yeyote. Andika "mtoto, chini ya miaka 5" au "mjamzito". Usipige picha foleni. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na zaidi ya sheria, mama aliyekuja kuchukua ARV anaweza kuharibikiwa maisha kwa picha yako moja. Na matokeo yako yaite kwa jina lake: yaliyoonekana kituo fulani, tarehe fulani hadi fulani. Usiyaite takwimu za wilaya.

Kamati ya kituo ifanye kazi yake

Kila kituo cha umma kinapaswa kuwa na kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa jamii, na mganga mfawidhi ndiye katibu. Kamati hiyo hupitia mpango na matumizi ya kituo, na ndiyo inayoshuhudia dawa zikipokelewa. Hakuna chombo kingine cha wananchi kilicho karibu na stoo kiasi hicho. Cha kusikitisha, wajumbe wengi huitwa kusaini tu.

Kosa la mapokezi hufanana karibu kila mahali: gari linafika jioni, dereva ana haraka, mjumbe anahesabu maboksi kumi na manne na kusaini kumi na manne. Boksi si dawa. Kabla ya sahihi, fungueni na mlinganishe karatasi mbili, yaani maombi ya kituo na ankara ya MSD, dhidi ya kilichomo. Angalieni idadi ya kopo au pakiti, nguvu ya dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa iliyobakiza miezi miwili, kwa kiasi cha kutosha miezi sita, ni hasara iliyokwishapokelewa. Pungufu au uharibifu uandikwe kwenye hati ya mapokezi hapo hapo, mbele ya dereva, naye asaini. Likiandikwa kesho yake litakuwa neno la kituo dhidi ya neno la MSD. Oksitosini na chanjo ziulizwe zimesafiri kwenye ubaridi gani na ziingie frijini mara moja. Oksitosini inahitaji nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi.

Siku chache baadaye hakikisheni mzigo umeingizwa kwenye leja kwa kiasi kilekile cha ankara. Kisha, kila mwezi, chagueni dawa tatu bila kutangaza mapema. Hesabuni zilizoko rafuni, mlinganishe na salio la leja. Tofauti ya vidonge vichache huwa ya kawaida, kopo nzima haiwi ya kawaida. Kipimo kizuri zaidi ni malaria: hesabuni wagonjwa waliokutwa na vimelea kwenye rejista ya wagonjwa wa nje, MTUHA Na. 5, mlinganishe na dozi za dawa mseto zilizotoka mwezi huo. Dozi zikizidi sana wagonjwa, kuna swali la kujibiwa na mtoa dawa. Vituo vinavyotumia mfumo wa GoTHOMIS vinaweza kutoa hesabu hii kwenye kompyuta kwa dakika chache, kwa hiyo "rejista zimejaa, haziwezi kuhesabika" si sababu huko.

Ukiona dawa zenye alama ya GOT, ambayo ni alama ya dawa za serikali, zinauzwa kwenye duka binafsi, usigombane na muuzaji. Andika jina la duka, dawa na namba ya toleo, chukua risiti kama umenunua, na upeleke taarifa kwa TAKUKURU kwa simu 113 au kwa mfamasia wa wilaya. Ugomvi wa dukani huondoa mzigo kabla mkaguzi hajafika.

Barua ya kuomba taarifa

Ikiwa kituo hakitoi nyaraka, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na mwenye taarifa anapaswa kujibu ndani ya siku 30. Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, nakala kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Iwe fupi:

*Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya ______, S.L.P. ______.*

*YAH: MAOMBI YA TAARIFA ZA DAWA, ZAHANATI YA ______*

*Husika na mada tajwa hapo juu. Mimi ni raia wa Tanzania na mkazi wa kijiji cha ______. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016, naomba nakala za nyaraka zifuatazo za kipindi cha tarehe ______ hadi ______:*

*1. Taarifa na maombi ya dawa yaliyotumwa MSD.*
*2. Ankara za MSD na hati za mapokezi.*
*3. Taarifa za MSD za kukosekana kwa dawa, na oda zilizopelekwa kwa Mshitiri.*
*4. Mapato na matumizi ya kituo kwa kila chanzo cha fedha.*

*Ikiwa sehemu ya nyaraka hizi haiwezi kutolewa, naomba sababu kwa maandishi na nipatiwe sehemu iliyobaki.*

Weka jina, anwani, simu, sahihi na tarehe. Kipindi kisizidi miezi sita. Anayeomba "taarifa zote za dawa tangu kituo kifunguliwe" hujibiwa kwamba ombi halitekelezeki. Usiandike neno wizi wala ufisadi kwenye barua ya kuomba taarifa. Bado hujui, na neno hilo litahamisha barua yako kutoka meza ya kutoa nakala kwenda meza ya mwanasheria. Peleka nakala mbili masjala, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na ubaki nayo. Bila muhuri, siku 30 hazina mwanzo. Unaweza kutakiwa kulipia gharama za kutoa nakala, na hilo ni halali. Ukikataliwa au ukinyimwa jibu, andika ndani ya siku 30 nyingine kwa mkuu wa taasisi kuomba mapitio ya uamuzi huo, ukiambatisha nakala yenye muhuri.

Nani aulizwe nini

Sasa unajua mnyororo umekatika wapi, na kila kipande kina mwenyewe. Oda haikutumwa, au ilitumwa bila siku za ukosefu: mganga mfawidhi. Oda ilitumwa ikakaa bila kuidhinishwa, au ikakatwa: mfamasia wa wilaya na Mganga Mkuu wa Halmashauri. Fedha zilikuwepo zikatumika kwa kitu kingine: mganga mfawidhi, kamati iliyopitisha, na mweka hazina wa halmashauri. Ruzuku haikufika: mkurugenzi, na kupitia kwake TAMISEMI. Oda ilikamilika, fedha zipo, mzigo haukuja: meneja wa kanda wa MSD, kupitia Mganga Mkuu wa Halmashauri. Mtumishi hayupo dirishani: mkurugenzi, kwa sababu ndiye mwajiri.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Peleka hoja kwa mtendaji wa kijiji mapema iingie kwenye ajenda, kwa kuwa iliyozuka kwenye "mengineyo" haipewi azimio. Dai azimio liandikwe kwenye muhtasari likiwa na jina la mhusika na tarehe ya kurudisha majibu. Muhtasari huo ndio diwani anaoubeba kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha kwenye kamati ya halmashauri inayoshughulikia afya. Diwani aliyepewa ukurasa mmoja wenye tarehe, kiasi na jina la dawa atauliza swali ambalo mganga mkuu hawezi kulikwepa. Aliyepewa kilio atatoa kilio. Vikao vya baraza la madiwani wananchi huruhusiwa kuvihudhuria, na inafaa mkae mkisikiliza jibu, kimya, na kalamu mkononi.

Juu ya halmashauri yupo Mganga Mkuu wa Mkoa na Katibu Tawala wa Mkoa. Usiruke ngazi kabla ya kuwa na barua iliyogongwa muhuri ngazi ya chini, la sivyo utarudishwa ukaanze upya. Dharura ni jambo jingine: kituo kinachozalisha kikikosa oksitosini, mpigie Mganga Mkuu wa Halmashauri siku hiyo hiyo, barua itafuata. Dawa inaweza kuhamishwa kutoka kituo jirani kwa saa chache, na utaratibu wa vituo kuazimana upo.

Mpango wa kituo na bajeti ya mwaka unaoanza tarehe 1 Julai huandaliwa miezi mingi kabla, tangu mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Ukienda kudai fungu la dawa mwezi Mei umechelewa. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukabidhiwa kwa Rais kufikia mwisho wa Machi na huwasilishwa bungeni Aprili. Ile ya mamlaka za serikali za mitaa ifunguliwe, utafute jina la halmashauri yako, na hoja zinazohusu dawa zipelekwe kwa diwani pamoja na ushahidi wenu. Hoja hizo ndizo halmashauri huitiwa mbele ya Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, kwa hiyo mkurugenzi hazichukulii kwa wepesi.

Ukipata jibu, usifunge faili. "Tatizo linashughulikiwa" si jibu. Jibu lina kiasi, tarehe na jina. Rudi dirishani wiki mbili baada ya tarehe iliyoahidiwa, ukiwa na orodha ileile ya dawa na fomu ileile, uandike upya. Matokeo ya awamu zote mbili yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na nakala apewe mganga mfawidhi, pamoja na kumtambua kwa lile lililorekebishwa. Wajumbe wa kamati wanapobadilika, faili likabidhiwe kwa maandishi kwa wajumbe wapya kwenye kikao chao cha kwanza, likiwa na barua zenye muhuri, nakala za ankara, na orodha ya maazimio ambayo bado hayajajibiwa.